Katuni ya Rhodes Aliyetanua Miguu Juu ya Afrika (1892): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kati ya katuni zote za zamani tunazochapa na kuziwekea fremu, hakuna inayoulizwa maswali kama hii: bwana wa Kizungu mwenye masharubu, mguu mmoja Cape Town, mwingine Kairo, bunduki begani, waya mikononi. Wengi waliiona mara ya kwanza wakiwa sekondari, kwenye somo la kugawanywa kwa Afrika, na sasa wanaitaka ukutani. Baadhi ya majibu hapa ni marefu kwa sababu picha yenyewe ina mengi.

Aliyechorwa ni nani, na nani alimchora?

Aliyechorwa ni Cecil John Rhodes. Katuni ilipotoka alikuwa na umri wa miaka 39, Waziri Mkuu wa koloni la Rasi huko Afrika Kusini, mwenye kampuni ya almasi ya De Beers, na kinara wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1889. Hati hiyo iliiruhusu kampuni ya biashara kutawala ardhi, kuwa na askari na kutoza kodi. Kwa hiyo mtu unayemwona kwenye picha alikuwa serikali na mfanyabiashara kwa wakati mmoja, na ni vigumu kuielewa katuni bila kulijua hilo.

Mchoraji ni Edward Linley Sambourne, Mwingereza aliyezaliwa 1844 na kufariki 1910. Katuni ilichapishwa London katika jarida la Punch tarehe 10 Desemba 1892, kwa jina la The Rhodes Colossus. Sambourne alipenda kuchora kutokana na picha za kamera. Alijipiga picha mwenyewe, akawapiga watumishi na marafiki wakiwa wamevaa nguo za kuigiza, kisha akakaa mezani kuchora. Nyumba yake ya Stafford Terrace, London, leo ni makumbusho. Ukiangalia buti, mikunjo ya suruali na jinsi mkanda wa bunduki unavyolala kifuani, unaona kazi ya mtu aliyezoea kutazama mwili halisi umesimama mbele yake.

Kwa nini alichorwa kama jitu?

Kuna kisiwa cha Ugiriki kinachoitwa Rhodes, jina lile lile la bwana huyu. Kisiwani hapo, karibu miaka 280 kabla ya Kristo, ilisimamishwa sanamu ya shaba ya mungu wa jua yenye urefu wa takriban mita 33, ikahesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya ulimwengu wa kale. Tetemeko la ardhi liliiangusha baada ya miaka hamsini na kitu. Baadaye sana Wazungu wakaanza kuichora ikiwa imetanua miguu juu ya mlango wa bandari, merikebu zikipita chini yake. Sanamu halisi haikusimama hivyo, lakini mchoro wa kubuni ndio uliobaki vichwani mwa watu, na ndio Sambourne alioutumia. Badala ya bandari akaweka bara zima.

Waya alioshika ni wa nini?

Ni waya wa telegrafu, yaani wa kupeleka ujumbe wa maandishi kwa umeme. Mwishoni mwa Novemba 1892 Rhodes alikuwa London akizungumza na wanahisa wa kampuni yake. Aliwaambia ataendeleza nyaya kuelekea kaskazini, marafiki wamsaidie wasimsaidie: kuvuka Zambezi, kupita Nyasa, kufuata Ziwa Tanganyika hadi Uganda, na kutoka hapo, akifanikiwa kupatana na watawala wa Sudan, mpaka Misri. Gazeti la Times liliandika habari hiyo tarehe 30 Novemba. Punch likaichukua, na siku kumi baadaye katuni ikawa sokoni.

Watu wengi hudhani waya ule ni reli. Reli ya kutoka Cape Town hadi Kairo ilikuwa ndoto yake pia, lakini katuni hii inazungumzia telegrafu. Wakati huo ujumbe kutoka Afrika Kusini kwenda Ulaya ulipita kwenye nyaya za chini ya bahari. Zanzibar yenyewe iliunganishwa kwa waya wa namna hiyo tangu 1879, kwenye njia iliyotoka Aden kwenda kusini. Waya wa nchi kavu ungempa Rhodes njia yake mwenyewe, isiyo ya kampuni nyingine. Ungempa pia sababu ya kuweka vituo, watu wake na walinzi kila baada ya umbali fulani. Kila nguzo ya telegrafu ni madai ya ardhi. Sambourne alilifahamu hilo, ndiyo maana akamtundika bunduki mgongoni mtu anayedai kwamba kazi yake ni kuunganisha mawasiliano.

Je, katuni inamsifu Rhodes au inamkejeli?

Yote mawili, na hapo ndipo ilipo nguvu yake. Tunapenda kulieleza hili kwa uwazi kwa sababu wateja wengi huja wakiamini kwamba ni katuni ya kupinga ubeberu. Punch halikuwa jarida la kupinga ubeberu. Wasomaji wake walikuwa Waingereza wenye nafasi, na wengi wao walijivunia himaya yao. Mtu wa London aliyefungua ukurasa ule Desemba 1892 angeweza kucheka majivuno ya Rhodes na papo hapo akaona fahari kwamba jitu lile ni la nchi yake.

Hata hivyo mfano wa jitu hubeba shaka ndani yake. Msomaji huyo alimjua Cassius, mhusika katika tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, anayelalamika kwamba Kaizari ameitanulia dunia miguu kama sanamu ile ya kale, na wanadamu wengine wamebaki kutembea chini ya mapaja yake. Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthilia hiyo, na malalamiko ya Cassius yakaingia katika Kiswahili mwaka 1963. Cassius hasemi vile kumsifu Kaizari. Anasema hivyo akitafuta wenzake wa kumuua. Kisha kuna sanamu yenyewe, ambayo kila aliyesoma alijua kwamba ilianguka. Kwa hiyo ndani ya sifa kuna onyo, na sisi huku tunao uhuru wa kulisikia onyo zaidi ya sifa.

Mbona kwenye picha hakuna mtu mwingine?

Hili ndilo swali tunalolipenda kuliko yote, na wanaoliuliza mara nyingi ni watoto. Afrika nzima ipo chini ya buti na hakuna hata binadamu mmoja. Bara limelala kama sakafu. Mchoraji aliyejua kuchora mikunjo ya suruali kwa uangalifu ule hakuona haja ya kuchora mtu wa Afrika, kwa sababu katika mazungumzo ya London wenye nchi hawakuwemo.

Basi tuseme kulikuwa na nini chini ya waya ule Desemba 1892, tukianzia kusini.

Katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, mfalme Lobengula wa Wandebele alikuwa bado anatawala akiwa Bulawayo. Mwaka 1888 wajumbe wa Rhodes walimfanya akubali mkataba wa madini, wakimwahidi pauni 100 kwa mwezi, bunduki 1,000 na risasi 100,000. Alipobaini alivyodanganywa aliukana mkataba na kupeleka wajumbe mpaka kwa Malkia Victoria, lakini kampuni iliendelea kuutumia. Chini ya mwaka mmoja baada ya katuni, Oktoba na Novemba 1893, askari wa kampuni waliwapiga Wandebele kwa bunduki za rashasha za Maxim kwenye mto Shangani na tena Bembezi. Bulawayo ikachukuliwa. Lobengula alikimbia na kufia njiani mwanzoni mwa 1894. Wandebele na Washona waliinuka tena 1896, na Nehanda, mganga na kiongozi wa Washona, akanyongwa 1898.

Ukipanda juu unaingia ardhi ambayo Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimeshagawana. Mkataba wa Julai 1, 1890, ule ambao Ujerumani ilipata kisiwa cha Heligoland na Uingereza ikapata ulinzi wa Zanzibar, uliisogeza Afrika Mashariki ya Kijerumani mpaka kwenye mpaka wa Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Maana yake njia ya Rhodes ilikuwa imeshazibwa miaka miwili kabla ya kuchorwa. Lakini hata Wajerumani hawakuishika nchi waliyojitangazia. Agosti 1891, pale Lugalo karibu na Iringa, Wahehe wa Mkwawa walikifagia kikosi cha Emil von Zelewski, na Zelewski mwenyewe akauawa. Tabora, mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa anapigana nao wakati Punch linauzwa mitaani London. Januari 1893, wiki chache tu baada ya katuni, ngome yake ilipovamiwa alijilipua kwa baruti ndani ya ghala lake.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, Sefu mtoto wa Tippu Tip alikuwa vitani na majeshi ya Leopold tangu mwaka huo huo wa 1892. Ile ilikuwa vita ya watu waliogombea misafara, pembe na watumwa, na hatuna sababu ya kuipamba. Lakini ilipiganwa na watu wanaozungumza Kiswahili, na ilikuwa inawaka pembeni kabisa ya njia ambayo Rhodes aliichora mbele ya wanahisa kana kwamba ni uwanja mtupu.

Uganda ilikuwa imepita kwenye vita vya Mengo Januari 1892, Waprotestanti na Wakatoliki wa Buganda wakipigana, naye Lugard, afisa wa Kiingereza, akiwagawia Waprotestanti bunduki. Sudan ilikuwa dola huru chini ya Khalifa Abdallahi. Huko London ilizungumzwa habari ya kupatana na Mahdi, ilhali Muhammad Ahmad aliyejiita Mahdi alikuwa amefariki tangu Juni 1885. Dola hiyo haikuvunjwa mpaka vita vya Omdurman, Septemba 1898.

Hao wote wapo chini ya buti lile. Mteja anapotuuliza tumwekee nini pembeni ya katuni, mara nyingi tunamshauri ramani ya kawaida ya Afrika yenye majina ya Bulawayo, Lugalo, Tabora, Mengo na Omdurman.

Je, mpango wa Rhodes ulitimia?

Haukutimia. Mei 1894 Uingereza ilijaribu kukodi kutoka kwa Leopold ukanda wa kilomita 25 kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Edward ili kuwazunguka Wajerumani, Ujerumani ikapinga, mpango ukafa. Machi 1899 Rhodes mwenyewe alikwenda Berlin kumwona Kaisari Wilhelm wa Pili na akaruhusiwa kupitisha waya wake katika ardhi ya Wajerumani. Nyaya zilifika Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, zikaishia hapo. Kairo hazikufika. Rhodes alifariki Machi 26, 1902 huko Muizenberg, akazikwa kwenye milima ya Matobo, Zimbabwe ya leo, na kaburi lipo mpaka sasa.

Uingereza ilikuja kuwa na mstari wa makoloni usiokatika kutoka kusini hadi Misri baada ya Vita Kuu ya Kwanza tu, ilipokabidhiwa Tanganyika. Reli haikuunganishwa kamwe.

Je, si aibu Mwafrika kumtundika Rhodes nyumbani kwake?

Tunalichukulia swali hili kwa uzito, na hatumlaumu anayesema hapana, sitaki uso wake sebuleni kwangu. Ni nyumba yake.

Sisi tunatofautisha sanamu na katuni. Sanamu ya Rhodes iliyokuwa Chuo Kikuu cha Cape Town ilizinduliwa 1934 ili kumtukuza. Ilikaa juu ya ngazi, imetazama chini, na kila mwanafunzi alipita mbele yake. Wanafunzi walipoanza kuipinga Machi 9, 2015, walikuwa wanakataa heshima iliyokuwa inatolewa kwa jina lao bila idhini yao. Iliondolewa Aprili 9 mwaka huo, na tunaamini walifanya sawa. Katuni haikuchorwa iwe heshima. Ni ushahidi. Inaonyesha, kwa mkono wa mtu wa upande wao, jinsi walivyojiona na jinsi walivyotuona, yaani hawakutuona. Ushahidi wa namna hiyo hauhitaji kufichwa na waliotendewa.

Lakini ushahidi ukikatwa maelezo yake unageuka pambo. Tumeona nakala kubwa za katuni hii zikiuzwa bila jina, bila tarehe, bila chanzo, zimepangwa pamoja na picha za simba na machweo chini ya kichwa cha habari cha mapambo ya Kiafrika. Hapo Rhodes anakuwa shujaa wa safari, na mtu anayeitazama hana pa kuanzia kuuliza. Hilo linatuumiza. Ndiyo maana kila nakala inayotoka kwetu ina utepe chini unaotaja jina la katuni, mchoraji, jarida na tarehe. Wapo wanaoomba tuuondoe ili picha ikae vizuri zaidi na makochi. Hatuuondoi.

Inafaa kutundikwa darasani?

Inafaa sana, hasa kuanzia kidato cha pili. Ushauri wetu kwa walimu ni mmoja: usiwaeleze wanafunzi maana yake kabla hawajaitazama. Wape dakika tano waorodheshe wanachokiona na wasichokiona. Kofia, bunduki, waya, buti vitatajwa haraka. Kukosekana kwa watu hutajwa baadaye, na aliyekitaja ndiye anayefungua somo lenyewe. Kwa darasa, chukua ukubwa wa A2, maana A3 haionekani kutoka dawati la nyuma.

Nahitaji kibali cha mtu ili niichape mwenyewe?

Hapana. Hakimiliki hudumu maisha ya msanii pamoja na miaka 50 baada ya kifo chake katika nchi kama Kenya, na miaka 70 Uingereza na Umoja wa Ulaya. Sambourne alifariki 1910, kwa hiyo hata kwa hesabu ndefu muda uliisha mwaka 1980. Nakala za kidijitali za Punch la 1892 zinapatikana bure kwenye intaneti, katika juzuu la 103. Unachotakiwa kuwa nacho makini ni faili za watu walioongeza kitu chao: waliotia rangi, waliochora upya, walioandika maneno mapya. Hizo zinaweza kuwa na mwenyewe.

Kwa nini yenu haina rangi?

Kwa sababu ya asili haikuwa na rangi. Ilikuwa wino mweusi kwenye karatasi ya jarida. Toleo lolote lenye suruali ya kahawia, bahari ya buluu au Afrika iliyopakwa nyekundu lilipakwa na mtu wa baadaye. Hatuzikatazi, ila hatuziuzi kama za 1892. Vivyo hivyo kwa karatasi iliyotiwa madoa ya chai ya kubuni ili ionekane kuukuu. Kazi ya Sambourne iko kwenye mistari. Kivuli chote pale ni mistari myembamba iliyopangwa sambamba, mahali pengine ikikatizana, ikisogeleana pale anapotaka giza na kuachana pale anapotaka mwanga. Ukiweka rangi juu yake, mistari inazama na buti linakuwa doa tu.

Nichague ukubwa gani?

Ukurasa wa asili unakaribia A4, hivyo A4 inakupa picha kama msomaji wa 1892 alivyoiona. A3 ndiyo inayopendwa zaidi kwa nyumbani. A2 ni kwa ukuta mpana, ofisi au darasa. Juu ya A2 hatushauri: mistari iliyochorwa kwa ukurasa mdogo ikikuzwa mno huanza kuonyesha kingo zenye mikwaruzo, na jicho linaacha kutazama picha linaanza kutazama wino.

Ukipeleka faili yako kwa mchapaji, hakikisha ina pikseli za kutosha. Kwa A3 safi, kwa pikseli 300 kwa kila inchi, unahitaji takriban 3,500 kwa 5,000. Kwa A2 ni takriban 5,000 kwa 7,000. Faili iliyopakuliwa kutoka kwenye kundi la WhatsApp haitafaa, kwa sababu imeshabanwa, na kando ya kila mstari mweusi kuna ukungu wa kijivu ambao printa itauchapa kama ulivyo. Omba TIFF au PNG. Na picha iskaniwe kwa kijivu, isiwe nyeusi na nyeupe tupu, la sivyo mistari myembamba ya ramani hukatika na ile ya koti huungana.

Karatasi au kitambaa cha turubai?

Karatasi. Turubai ina nyuzi zake, nazo hugombana na mistari ya katuni. Inafaa kwa michoro ya rangi za mafuta, haifai hapa. Chukua karatasi ya pamba isiyo na asidi, isiyong'aa, nyeupe iliyopoa kidogo, gramu 200 au zaidi kwa mita ya mraba, na wino wa pigmenti. Wino wa bei rahisi hubadilika kuwa wa zambarau baada ya muda mfupi ukipigwa na jua.

Ninaishi pwani. Itaota ukungu?

Inaweza, tena haraka, kama fremu imefungwa ovyo. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Zanzibar: hewa ina unyevu na chumvi, na adui mkubwa ni karatasi kugusana na kioo. Jasho la kioo likiingia, karatasi hunata, na ukiibandua uso wa picha hubaki kwenye kioo. Mwambie fundi aweke fremu ya kadibodi kati ya picha na kioo ili pawe na nafasi ya milimita kadhaa, na kadibodi hiyo iwe isiyo na asidi, maana ile ya kahawia ya kawaida huacha mstari wa njano kuzunguka picha. Nyuma pazibwe kwa utepe wa karatasi. Pembe mbili za chini za fremu ziwekewe vipande vidogo vya mpira au koki ili isilale bapa ukutani na hewa ipite.

Usiitundike kwenye ukuta unaopakana na bafu, wala ukuta wa nje unaolowa masika. Jua la moja kwa moja pia liepuke. Ukipata kioo au akriliki inayozuia miale ya jua ni bora, lakini kivuli ni cha bure. Kioo kifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo, dawa isipuliziwe moja kwa moja juu yake, kwa sababu huteremka na kuingia chini ya fremu.

Nimeuziwa ukurasa unaosemekana ni wa 1892 halisi. Nitajuaje?

Chukua lenzi ya kukuzia. Ukurasa halisi una mistari ya wino mzito, kamili, bila nukta. Nakala ya kisasa iliyotoka kwenye mashine ya rangi itaonyesha nukta ndogondogo, mara nyingi na chembe za samawati, waridi na njano ndani ya kile kinachoonekana cheusi. Pili, pima. Ukiambiwa ni ukurasa wa Punch na upana wake ni sentimita 40, si wenyewe. Tatu, tazama ukingo mmoja wa pembeni: Punch lilijalidiwa kwa majuzuu ya nusu mwaka, na kurasa nyingi zinazouzwa leo zilikatwa kutoka humo, kwa hiyo ukingo huo mara nyingi una alama za kushonwa au umekatwa kwa wembe. Hatupendi majuzuu kukatwa, lakini yaliyokatwa yameshakatwa.

Niiweke pamoja na katuni zipi nyingine?

Zipo nyingi za zama hizo na za kabla yake. James Gillray alimchora Napoleon na Waziri Mkuu wa Uingereza, Pitt, wakiikata dunia mezani mwaka 1805. Januari 1898 Le Petit Journal la Paris lilionyesha wafalme wa Ulaya na Japani wakigawana China kama keki, na nyuma yao afisa wa Kichina ameinua mikono. Jarida la Puck la New York lilitoa katuni ya Udo Keppler kuhusu safari hiyo hiyo ya Cape Town hadi Kairo tarehe 10 Desemba 1902, miaka kumi kamili baada ya ile ya Sambourne, na humo Waafrika wamo: wamechorwa chini ya bendera ya ushenzi, mbele ya Britannia, mwanamke anayewakilisha Uingereza, aliyebeba bendera ya ustaarabu huku askari wake wakimfuata. Hiyo ni ngumu kuitundika. Tunaichapa kwa walimu na watafiti wanaoiomba.

Tukiulizwa moja tu, tunasema bila kusita: katuni ya Sambourne mwenyewe ya Novemba 28, 1906, kuhusu mpira wa Kongo. Nyoka wa mpira mwenye kichwa cha Mfalme Leopold amemviringisha mwanamume wa Kikongo na kumbana, na nyuma mwanamke anakimbia na mtoto. Mchoraji ni yule yule, jarida ni lile lile, miaka kumi na minne baadaye, na safari hii Mwafrika yupo, katikati kabisa, anapigana kujinasua. Yapo ya kusema kuhusu katuni hiyo pia, kwa kuwa ni rahisi zaidi kwa Mwingereza kumwona mnyonge anayeteswa na Mbelgiji kuliko anayekanyagwa na Rhodes. Lakini zikikaa pamoja, kila mtu anayezitazama huanza kuuliza kilichobadilika ni nini.

Zichapwe kwa ukubwa mmoja na fremu za aina moja, ya 1892 kushoto, ya 1906 kulia, sentimita 10 katikati yake. Kitovu cha picha kiwe kwenye urefu wa sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, na kama nyumba ina watoto, shusha sentimita 15.